Shayiri ihesabiwe kwa mche, si kwa gunia

Wakulima wengi wa shayiri, kuanzia Narok hadi Timau na Moiben nchini Kenya, hupima mbegu kwa kilo tu: ekari moja, kilo 40, basi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mavuno yanapoanza kupotea. Mbegu ambayo punje zake 1,000 zina gramu 38 hutoa punje zaidi ya milioni moja katika kilo hizo 40. Mbegu nene ya gramu 50 hutoa 800,000.

Pima punje 1,000 kwa mizani ndogo, kisha jaribu uotaji. Zidisha miche unayoitaka kwa mita ya mraba kwa uzito huo, ugawe kwa asilimia unayotarajia iote. Ukitaka miche 180, mbegu ikiwa ya gramu 45 na uotaji asilimia 85, utapata kilo 95 kwa hekta, yaani 38 na ushee kwa ekari. Penye mvua haba punguza miche, maana maji hayataitosha yote.

Shayiri ya safu mbili za punje kwenye suke, ile ya kimea cha kutengenezea bia, haiwezi kuongeza sana punje kwenye suke, kwa hiyo mavuno yake hutegemea zaidi idadi ya masuke. Miche ikiwa michache mno, hujaza nafasi kwa machipukizi ya kuchelewa: suke kuu limekauka, la pembeni bado kijani, na huwezi kuvuna vyote siku moja. Magugu nayo hupata mwanga. Miche ikisongamana, mabua hurefuka na kuwa membamba, mvua yenye upepo huyalaza, majani hukaa na unyevu na ugonjwa wa madoa husambaa. Punje husinyaa, nyingi hupita kwenye chekeche ya milimita 2.5, na mnunuzi wa kimea hazitaki.

Mistari ya sentimita 15 hadi 20, kina cha 3 hadi 5, inatosha. Kurusha kwa mkono sikushauri: punje moja hubaki juu ikaliwa na ndege, nyingine huzama ikachoka kabla ya kuchomoza.

Miche ikishaota, laza fimbo ya mita moja kando ya mstari, uhesabu, urudie sehemu kumi. Kwa mistari ya sentimita 20, miche 180 ni 36 kwa kila fimbo. Mstari mmoja ukionyesha 15 na jirani zake 36, kagua mrija wa planta (mashine ya kupandia), huenda umeziba kwa udongo. Pungufu likiwa shamba zima, wahi kuweka mbolea ya naitrojeni mche ukianza kutoa machipukizi ya pembeni. Ukichelewa utaongeza protini kwenye punje, na kimea hakiitaki ikizidi.