Presha ya Mama na Tamasha la Filimbi

Ratiba ni ya mwanangu wa kiume. Ameiweka kwenye kalenda ya simu, ukoo mzima tunaiona, na kila nyumba ina rangi yake. Mama yangu, mwenye miaka themanini na kitu, ni kijani. Binti yangu, mumewe na watoto wao ni buluu. Yeye mwenyewe, mkewe na mapacha wao ni machungwa. Mimi sina rangi. Mimi ndiye ninayehamishwa kutoka rangi hii kwenda ile.

Jumamosi ile kijani kilianza saa 2:50 asubuhi: "Babu ampime Bibi Mkuu presha." Saa 3:00 kamili ni buluu: mjukuu anapiga filimbi, tunamtazama kwa video. Saa 3:30 ni machungwa: mapacha wanaletwa.

Dakika 10 za presha! Huyo ni mtu ambaye hajawahi kumpima mzee. Daktari alitaka vipimo vya siku 7, asubuhi na jioni, kila awamu mara mbili kwa kupisha dakika moja, na cha asubuhi kabla ya dawa. Nusu saa kabla ya hapo hakuna kahawa wala kukurukakara. Kisha choo. Kisha kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, bila kukunja nne. Mkono unalala mezani, mkanda wa mashine ya presha unakuwa usawa wa moyo na unafungwa juu ya ngozi, si juu ya nguo. Hilo la choo peke yake, kwa mtu anayetembelea fremu, linameza dakika 10 zote: kuinuka, kukaa tena kupumua, kuinuka, kwenda, kurudi, halafu kurudia miwani iliyobaki kule.

Basi choo kikarukwa. Mama akagoma kuvua sweta ("unataka nipate nimonia ndipo ufurahi"), mkanda ukafungwa juu ya sufi. Simu niliiegemeza kwenye chombo cha maua, kamera ikatazama meza. Nikabonyeza kitufe, na papo hapo buluu ikaita.

"Shikamoo Bibi Mkuu!"

"Marahabaa!" Mama akajibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, maana kifaa chake cha kusikia kilikuwa kimekaa upande sikioni. Kifaa kisipoingia vizuri sauti yake huvuja, ikarudi kwenye kipaza sauti chake chenyewe, ikazunguka hivyo hadi kikaanza kupiga mluzi. Ukaanza mluzi mkali. Mama, ambaye ndiye pekee asiyeusikia, alimwona mtoto kashika filimbi, akatuona sisi tumekunja nyuso, akapiga makofi. Alipiga makofi kwa mikono miwili, na mmoja wake ulikuwa ukipimwa.

"Bibi Mkuu, bado sijaanza," mtoto akasema.

Mashine ikatoa jibu: 196 kwa 104. Mbele ya kamera. Binti yangu hakusema neno. Simu ikakatika.

Nilijua alikokwenda: kwa kaka yake. Nami nikabaki na tarakimu zangu, nikapitia maswali ambayo huulizwa namba ya juu ikivuka 180. Maumivu ya kifua? Hana. Kuishiwa pumzi? Ndiyo kwanza amemaliza kupiga makofi. Mkono au mguu kulegea, macho kufifia ghafla? Hapana. Kuongea kwa shida? Shida ilikuwa kumnyamazisha. Lingekuwapo hata moja kati ya hayo, ningeita gari la wagonjwa bila kupima tena. Kwa kuwa hakuna, mtu anatulizwa na kupimwa upya.

Na ukitazama, kila kitu kilikuwa kinasukuma namba juu. Kuongea wakati wa kupimwa kunaweza kuongeza pointi 10 hivi, kibofu kilichojaa nacho kama hizo, mkono usioegemezwa vivyo hivyo. Kukunja nne kunaongeza kidogo, na Mama alikuwa amekunja. Nguo chini ya mkanda ndiyo mbaya zaidi, maana haina hesabu: inaweza kukupotosha kidogo au sana. Hata kukunja mkono wa sweta hadi begani si dawa, kwa sababu unabana mkono juu ya mkanda. Sweta linavuliwa.

Safari ya choo ikafanyika, miwani ikafuatwa, sweta likavuliwa kwa manung'uniko, kifaa cha sikio kikasukumwa ndani hadi kikanyamaza. Dakika 5 za kimya. 138 kwa 76. Dakika moja. 134 kwa 74.

Hapo mlango ukabamizwa. Binti aliingia na gauni la kulalia na viatu vya mume wake. Mumewe nyuma, na mtoto na filimbi yake. Mwanangu akafuata, kapanda ngazi mbili mbili kwa kuwa lifti ilimchelewesha, mapacha wakining'inia kila upande. Rangi zote tatu katika sebule moja, jambo ambalo ratiba haijawahi kuliweza.

"Mmekuja wote!" Mama akasema. "Nani amefariki?"

Tulipomweleza alifurahi kupita kiasi, akaamuru kila mtu apimwe. Ya juu kuliko zote ilikuwa ya mwenye ratiba, 158. Akaanza kujitetea kwamba ametoka kukimbia, kwamba hajapumzika dakika 5, kwamba pacha mmoja amemkalia mguu, kwamba kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu ana presha. Yote kweli. Mama akamwambia anyamaze, kuongea kunapandisha.

Filimbi ilipigwa hatimaye. Sitaisimulia.

Jioni ile mwanangu aliirekebisha ratiba. Kijani sasa ni dakika 40, na choo kimepewa mstari wake na kengele ya kukumbushia. Alichosahau ni kwamba kengele inalia kwenye simu na kompyuta za ukoo mzima. Jumatatu asubuhi binti yangu alikuwa anawaonyesha wenzake wa kazini mahesabu ya mwezi kwenye skrini kubwa ya ukutani, na katikati ya jedwali kikafunguka kisanduku cha kijani: "BIBI MKUU AENDE HAJA NDOGO. SASA."

Bosi wake akatangaza mapumziko ya dakika 5, akatoka wa kwanza.