Acheni Kupiga Msasa Kofia za Chuma za Wajerumani

Jumamosi nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Kijana mmoja wa mtaa wa pili hapa Tanga alinipigia simu: "Mzee, nina kofia ya chuma ya Mjerumani, ya vita vya Tanga kabisa, na kuna mtu anaisubiri." Nikaacha chai mezani. Nilipofika nikaikuta uani juu ya gazeti, nyeusi tii, inang'aa kama sufuria ya dukani, na kila upande imepulizwa tai mweupe mkubwa kwa kadibodi iliyokatwa. Harufu ya rangi ilikuwa bado inapanda kichwani. Kando ya gazeti kulikuwa na vipande vitatu vya msasa vilivyoisha, na vumbi lililotapakaa pale sakafuni lilikuwa la rangi ya mchanga.

Lile vumbi ndilo lililonikata maini.

Kwanza hilo la vita vya Tanga, maana nalisikia kila mara. Mapigano ya Tanga yalikuwa Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kofia ya chuma ya Mjerumani, hii inayoshuka masikioni na kisogoni, ilianza kugawiwa askari mwaka 1916, wakati wa mapigano ya Verdun kule Ufaransa. Meli ya mwisho ya shehena kutoka Ujerumani kuwafikia watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, ilikuwa Marie, iliyotia nanga Sudi kule Lindi, Machi 1916. Hata lile puto kubwa la kijeshi, L59, lililotumwa Novemba 1917 liliishia Sudan likarudi lilikotoka. Askari wa Mjerumani huku kwetu walivaa kofia ya kusukwa iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye tai mbele na kitambaa cha kukinga shingo nyuma. Chuma kichwani hawakuwa nacho. Ukiambiwa hii ni ya vita vya Tanga, kataa.

Lakini kofia yenyewe ilikuwa ya kweli, na uchungu wangu uko hapo. Niliigeuza mikononi. Za vita vya kwanza zina pembe mbili fupi ubavuni, na ndani zina pedi tatu za ngozi. Hii haikuwa na pembe. Ilikuwa na tundu dogo la hewa kila upande, na mdomo wa tundu umebinywa kutoka kwenye chuma chenyewe, bila pete ya kupachika. Ingekuwa na pete ningesema ni ya muundo wa 1935. Ukingo wa chini umekunjwa kwa ndani, ukipitisha kidole kinateleza. Zile za muundo wa 1942 hazikukunjwa, ukingo wake ni mkali. Basi ni ya muundo wa 1940. Ndani, ubavu wa kushoto, nikasoma chapa: Q64. Q ni kiwanda cha Quist cha Esslingen, na 64 ni kipimo cha ganda la chuma, linalovaliwa na mwenye kichwa cha sentimita 56 au 57. Ngozi yake ina ndimi nane, imekauka kama ng'onda. Kijana ana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, kwa kuwa anafanya kazi ya uwakala wa pesa za simu. Tukaimulika mishono. Uzi wa siku hizi mara nyingi huwaka chini ya taa hiyo. Huu ulibaki kimya.

Nikamuuliza kaitoa wapi. "Ya babu. Alikuwa jeshini kwa Mwingereza, kwenye vikosi vya kazi. Sisi tulikuwa tunawekea kuku maji."

Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Rommel, jenerali wa Kijerumani, lilishuka Tripoli kule Libya Februari 1941, na Wajerumani wakasalimu amri Afrika Kaskazini Mei 1943, kule Tunisia. Kofia zao zilitoka kiwandani na rangi ya kijivu au kijani. Jangwani wakazipaka upya rangi ya mchanga, mara nyingi kwa brashi na kwa haraka. Na wanaume wa Afrika Mashariki walipelekwa Misri na Libya wakiwa kwenye vikosi vya kazi vya Waingereza, kupakua shehena, kutengeneza barabara, kuchimba. Babu wa kijana huyu hakuacha picha, hakuacha kitabu cha jeshi. Alichoacha ni chuma kimoja chenye rangi ya jangwa. Rangi ile ndiyo iliyokuwa cheti chake. Mjukuu ameisaga asubuhi moja kwa msasa, kisha akampa babu yake vita ambavyo hakupigana, kwa sababu kaambiwa "ya Tanga" inauzika.

Jamani, rangi kuukuu si uchafu! Mkwaruzo si uchafu. Doa la jasho kwenye ngozi ndilo linaloonyesha kwamba hapa paliwahi kukaa kichwa cha mtu. Ukishakwangua umebaki na bakuli la chuma, na hakuna fundi duniani anayeweza kukurudishia. Nakubali kutu inakula. Basi futa kwa kitambaa kikavu, piga brashi laini ya nguo, paka nta kidogo, uiweke pasipo unyevu. Nakubali pia wapo wanaokwangua yule tai mdogo wa kiwandani, wa ubavu wa kushoto, kwa kuwa ameshika alama ya Wanazi. Alama ile inachukiza, na siwezi kumlaumu mtu kwa kuichukia. Hata hivyo, ifunike, usiikwangue. Na anayetafuta pesa ajue kuwa mnunuzi anayejua kazi hulipa zaidi kwa ile ambayo haijaguswa.

Kijana hakubisha. Alikaa kwenye ndoo akaniuliza kama kuna namna. Nikamwambia asiichomoe ngozi. Niliinua ulimi mmoja taratibu nikamulika kwa simu: nyuma ya mkanda wa ndani, mahali msasa haukufika, kulikuwa na kipande cha rangi ya mchanga, upana wa kucha ya kidole gumba.

Tukampelekea shangazi yake chumbani. "Shikamoo, bi mkubwa." Aliishika kofia, akaupita ule weusi bila kuusemea neno, akakitazama kile kipande kwa muda mrefu. "Ilikuwa hivi yote," akasema. "Kama mchanga wa Raskazone." Kisha akataja Tobruku, mji wa Libya, bila kuulizwa.

Shangazi ana zaidi ya miaka 80. Kesho asubuhi narudi pale na simu yenye chaji nimrekodi, na kijana ameshamwambia yule mnunuzi asije.