Saratani imesambaa, mama ana miaka 80: tutibu hadi wapi?

Mzee akiambiwa saratani iko hatua ya nne, yaani imesambaa sehemu nyingine za mwili, familia hugawanyika haraka. Mtoto mmoja anataka tibakemikali ianze kesho. Mwingine, mara nyingi yule anayemwogesha na kumgeuza kitandani, anasema mama ameteseka vya kutosha.

Wa kwanza ana hoja. Mwenye miaka 80 anayetembea na kujihudumia anaweza kuhimili dawa kuliko wa miaka 60 anayelala kutwa. Saratani ya matiti au ya tezi dume, hata ikisambaa, mara nyingi hudhibitiwa kwa tiba ya homoni kwa muda mrefu. Maumivu ya mifupa nayo yanaweza kutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu. Anayekataa matibabu kabla ya kuuliza haya ana pupa.

Hata hivyo, mimi naogopa zaidi dawa inayotolewa bila mtu kujua ni ya nini. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliwahoji wagonjwa waliopewa tibakemikali kwa saratani iliyosambaa. Asilimia 69 ya wenye saratani ya mapafu na 81 ya wenye saratani ya utumbo mpana hawakuelewa kwamba haielekei kuwaponya. Basi daktari aulizwe waziwazi: hii ni ya kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu? Na itamlaza kitandani kiasi gani?

Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, nayo isisubiri siku za mwisho. Mwaka 2010, utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa ulionyesha kuwa waliopewa huduma hiyo mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, waliishi muda wa kati wa miezi 11.6, na waliopewa matibabu ya kawaida pekee 8.9. Ni saratani moja tu, lakini inatosha kumjibu anayeiita kukata tamaa.

Kinachoniuma ni vikao vya koridoni, mgonjwa yuko ndani na akili zake timamu. "Msimwambie, atashtuka." Wapo wazee wasiotaka kujua, wanaosema mwulizeni kifungua mimba wangu. Huo ni uamuzi wao na uheshimiwe, ila lazima waulizwe kwanza.

Akichagua kujaribu, mkubaliane kabla ya dozi ya kwanza: baada ya mizunguko miwili au mitatu apimwe, na kama uvimbe umekua au hawezi tena kuinuka, dawa isimame. Makubaliano hayo yafanyike yeye akiwepo, angali na nguvu za kusema.