Nahamia Nairobi au Nabaki Mbagala, Ila Ushauri Utaniua Kabla Sijaamua

Mimi tangu niropoke pale kijiweni kwamba nimeitiwa kazi Nairobi sijapata usingizi wa maana, na siyo kwa sababu ya kazi, ni washauri. Kila mtu ana la kusema. Muuza mihogo ana la kusema, konda ana la kusema, kinyozi ndo usiseme, alinishika kichwa na mashine inaunguruma akanipa stori za watu waliokabwa Nairobi mpaka akasahau upande mmoja, nikatoka pale nimenyolewa nusu na nimeogopeshwa kamili. Sasa ukimuuliza, wewe Nairobi umefika? Hajafika. Hata Namanga pale mpakani hajafika. Huyo kinyozi safari yake ya mbali kuelekea huko iliishia Chalinze, tena alikuwa anakwenda msibani.

Kazi yenyewe iko hivi. Mimi ni fundi friji na eisii. Bosi wangu wa zamani, Mkenya, tulipiga naye kazi hapa Dar kabla hajarudi kwao, ndo kanipigia. Nikamwambia kaka, Nairobi iko juu kule mita 1,700 na ushee kutoka usawa wa bahari, Julai watu wanashinda na makoti, nani anafunga eisii? Akacheka akasema siyo eisii, ni vyumba vya baridi vya maua. Kumbe yale mawaridi yakishakatwa huko Naivasha yanawekwa kwenye nyuzi mbili mpaka nne hivi, halafu yanapanda ndege yanaenda Uholanzi, na kompresa ikigoma usiku mzigo wote unanyauka, kwa hiyo wanataka fundi ambaye saa nane za usiku akiamshwa anaamka bila kununa. Yaani nitoke kwenye joto langu la Mbagala, nihamie mji wa baridi, halafu ndani ya huo mji wa baridi niingie kwenye chumba chenye baridi zaidi, kwa ajili ya maua. Mama yangu nilivyomweleza akauliza hayo maua yanatibu nini. Nikasema hayatibu mama, wanapeana tu. Akakaa kimya muda mrefu.

Mkuu wa washauri lakini ni mjomba wangu wa Morogoro. Huyu alifunga safari kabisa kuja kunikanya, akashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, akaunga magari mpaka Mbagala, kuingia ndani hata maji hajanywa akakaa kwenye mkeka akaanza kuvua viatu. Nikajua anapumzisha miguu. Kumbe anatoa hela. Soksi ya kulia ikatoa noti za elfu kumi kumi zimekunjwa zimelowa jasho, ya kushoto ikatoa kitambulisho cha NIDA na kikaratasi chenye namba yangu ya simu, akavipanga vyote mkekani chini ya feni vikauke, na ile harufu jamani, mpaka binti yangu Zuhura akahamishia madaftari nje.

Nikamuuliza, mjomba, vipi tena hela kwenye soksi? Akasema mjomba, Dar hii, wewe hujui tu, watu wa huku siyo watu. Nikamwambia sawa, sasa kama Dar ndo hivyo na mimi nimo humu miaka yote hii, hiyo Nairobi utanitisha na nini tena? Akanitazama kwa huruma.

"Mjomba. Nairobi hata soksi wanachukua."

Na hajafika. Nasisitiza.

Akaleta habari za mabomu. Hapo nikamwambia mjomba tuheshimiane, hilo siyo la kutishiana, Agosti 7 mwaka 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi na asubuhi hiyohiyo ukalipuliwa na wa hapa Dar, wenzetu wakazika watu zaidi ya 200 na sisi tukazika wetu, hakuna wa kumwambia mwenzie njoo kwangu huku. Akanyamaza, akazigeuza noti upande wa pili. Halafu akaja na simba.

Kwenye simba alinipata kidogo, maana ni kweli, Nairobi ina hifadhi ya taifa palepale mjini, ipo tangu 1946, unamwona twiga amesimama na nyuma yake maghorofa, na mwaka 2016 kuna simba walitoka humo wakaonekana wanakatiza maeneo ya watu. Balaa likawa mama mkwe alikuwa jikoni anasikia. Mpaka leo yule mama hana habari ya maghorofa, yeye anachojua binti yake anapelekwa porini. Nikipiga simu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, vipi wale simba?

Mimi kinachonikera ni kwamba hawa wote wananitishia Nairobi wakiwa wamekaa Mbagala. Mbagala! Mtu ukiwa Masaki saa tano usiku, mwambie bodaboda nipeleke Mbagala uone pikipiki inavyoishiwa mafuta ghafla. Mwaka 2022 hapa panya road, yale magenge ya vijana wezi, wametutia jakamoyo, saa moja watu tumeshajifungia, mtu akigonga mlango unajibu ukiwa chini ya kitanda. Mwaka huohuo tukahesabiwa, Dar tukawa watu milioni 5.38, wakati Nairobi sensa yao ya 2019 ilitoa milioni 4.39, yaani tunawazidi vichwa karibu milioni nzima, na kwenye vichwa vyote hivyo vya wezi hatuna? Lakini Nairobi ndo yenye jina baya. Sisi letu tumelizoea tu, hatulisikii likiitwa.

Basi nikamlilia bosi hali, nikamwambia huku nyumbani wananitisha, hebu niambie ukweli. Akanirushia voisi ya kunituliza moyo. Naomba niwaandikie alivyosema, sijaongeza kitu:

"Wewe kuja tu bro, Nairobi iko poa, watu huongeza chumvi. Ni tu ukiwa tao usitembee na simu kwa mkono. Na kwa matatu usikae kwa dirisha ukiwa na simu, ama ufunge hiyo dirisha. Mtu akikuuliza njia, usisimame. Mtu akikuambia ameokota pesa mgawane, hiyo sasa usisimame kabisa. Ukienda mahali usiache kinywaji kwa meza uende choo, utawekewa mchele. Kanjo wakikuita usikimbie, lakini pia usiende. Otherwise iko poa sana, utapenda."

Iko poa sana! Hiyo mchele siyo wa pilau, ni madawa unawekewa kwenye glasi unaamka kesho yake huna viatu. Na kanjo ni mgambo wao wa jiji. Mimi hilo la kanjo ndo limenikaa mpaka leo. Usikimbie na usiende. Sasa nifanye nini, nichuchumae?

Ndani ya nyumba aliyeshakata shauri ni mmoja tu, mama Zuhura, na sababu yake siyo mshahara wala nini. Yeye ni Mmakonde wa Newala. Sasa kuna siku katika kuperuzi simu akakuta kwamba Kenya Wamakonde wametambuliwa rasmi ni kabila la 43. Na ni kweli, 2016, wale ambao wazee wao walikwenda kule enzi za mashamba ya mkonge wakaishi miaka na miaka bila kitambulisho, walitembea kwa mguu kutoka Kwale mpaka Nairobi kwenda kuonana na rais, na wakasikilizwa. Mwaka uliofuata Wahindi nao wakawa kabila la 44. Basi toka alijue hilo, mke wangu anatembea humu ndani kama mwenye mji.

"Baba Zuhura, mimi nikifika kule nina kabila. Wewe Mluguru unakwenda kama nani?"

"Kama mume wako."

"Tutaangalia."

Mjomba naye akasema shida ya Nairobi ndo hiyo, mchanganyiko, kila kabila limo, Wasomali na Waoromo wako Eastleigh, Wahindi wako Parklands, Wanubi Kibera toka enzi za jeshi la mkoloni, Wakongo, Wasudani, wazungu wa Umoja wa Mataifa huko Gigiri, sasa hapo nani anamjua nani? Nikamuuliza mjomba, katika nyumba hii uliyolala unamjua nani? Chumba cha mbele kuna Mngoni, cha pili Mchaga, uani kuna Msukuma mwenye redio, mlinzi Mmasai, mwenye nyumba Mzaramo, na usiku ulivyotoka kwenda chooni ukakosea mlango ukaingia kwa Mngoni alikukaba? Akasema hakunikaba, alinionesha choo. Haya. Na Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli, ukiwatoa Wamasai waliokuwa wanachunga hapo, waliobaki wote walifika na mabegi. Mimi nitakuwa mgeni wa ngapi?

Ila sasa nitoe la moyoni. Mambo ambayo kweli yanaumiza kichwa hakuna mshauri hata mmoja kayauliza. Wao ni wezi, wezi, wezi, simba. Hakuna aliyeniuliza kodi.

Mshahara alionitajia bosi, shilingi moja ya kwao ni kama ishirini za kwetu, nilivyozidisha nikajiona mbunge, nikaanza mpaka kusalimia watu kwa kupunga mkono. Halafu akanitajia chumba, bedsita ya 12,000 kwa mwezi, nikazidisha tena kwa ishirini, nikarudisha mkono mfukoni. Ila kuna kitu kimoja nimekipenda mpaka machozi, kule unalipa mwezi mmoja na dipoziti unaingia. Mwezi mmoja! Sisi hapa mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, kuna wengine mwaka, unakopa, unauza redio, unamuuzia shemeji redio ambayo siyo yako. Lakini na wao wana lao, tarehe tano ikipita hujalipa keateka, yaani msimamizi wa nyumba, anakuja na kufuli lake anakufungia mlango na vitu vyako vyote ndani. Hapa angalau mwenye nyumba anakutukana tu, unalala kwako. Na maji bosi anasema yanatoka kwa ratiba, siku hii na siku ile. Nikamwambia mna ratiba? Mna bahati.

Halafu shule. Zuhura yuko darasa la nne shule ya serikali, anasoma kwa Kiswahili kila kitu. Kule darasa hilohilo masomo ni kwa Kiingereza. Nimeumia nalo hili, maana mtoto anaongoza darasa lake hapa, unampeleka mahali anageuka bubu. Nikamkalisha chini nikamweleza taratibu, mwanangu, kule utapata tabu mwanzoni. Akasema baba, wewe niache, wao wakinifundisha Kiingereza mimi nawafundisha Kiswahili. Nimefarijika, ila nimemkataza kuyasema hayo pale Namanga kabla hatujagongewa mihuri.

Na kibali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya soko la pamoja toka 2010, kwenye karatasi mfanyakazi anavuka mpaka anakwenda kupiga kazi. Kwenye dirisha la ofisi sasa, wanataka barua ya mwajiri, pasipoti, picha, vyeti, na cheti changu cha ufundi jina la baba limerukwa herufi moja toka siku nimekabidhiwa. Kwa hiyo kwa mujibu wa cheti, aliyesomea friji ni mtoto wa mzee mwingine. Nimeambiwa nile kiapo cha mahakama. Nikamuuliza mjomba kama atanisindikiza mahakamani kuwa shahidi wa jina la marehemu shemeji yake, akasema hapana, mjini mahakamani kuna vibaka sana.

Bosi anataka jibu Ijumaa. Mimi sijaamua, naomba nieleweke, sijaamua. Lakini mtaa umeshaniamulia. Mama Zuhura ameshawaaga wenzie wa kikoba, muuza genge amegoma kunikopesha nyanya eti nasafiri, Msukuma wa uani kaulizia feni mara ya pili, na jana nipo nimekaa na bukta nakula ugali wangu taratibu, mwenye nyumba huyo kaingia bila hodi, nyuma yake kijana kabeba begi, anamwonesha chumba changu. "Hapa kitanda kinakaa vizuri, huyu anahamia Nairobi." Kijana akakagua dari, akajaribu swichi, akachungulia kwenye sufuria yangu sijui anatafuta nini, halafu akanisogelea akanong'ona:

"Braza, samahani. Mimi natokea Njombe, nyumbani wamenitisha sana na Mbagala. Eti ni kweli huku ni hatari?"

Nikamwambia we hamia tu dogo, Mbagala iko fresh kabisa, watu wanaongeza chumvi. Ila simu ukishuka Rangi Tatu usiitoe. Na pale kona usipite ukizidi saa tatu, na ukipita usipite peke yako, na nguo ukianika kaa uziangalie, bodaboda wawili wamepakizana hawana abiria ukiwaona ingia duka lolote hata kama hununui kitu...