Kasi ya Programu za Nyuzi Nyingi: Tuhesabu Kwanza au Tupime Kwanza?

Karibu kila ofisi ya Dar es Salaam inapotaka kununua seva mpya, wahandisi wake wa programu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoamini kwamba kasi ya programu inayoendesha nyuzi nyingi (mifuatano ya maagizo ndani ya programu moja) kwa wakati mmoja inaweza kukadiriwa kwa hesabu kabla fedha hazijatoka, na wapo wanaoshikilia kwamba hakuna njia ila kuiwasha na kuipima.

Wenye hesabu wana hoja nzito. Mwaka 1967 mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alionyesha kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka ukomo wa kasi: ikiwa ni asilimia 5, kori 16 (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) zitaongeza kasi takribani mara 9 tu, na hata kori elfu moja hazitafikisha mara 20. Ni sawa na kivuko cha Magogoni, ambako kuongeza madirisha ya tiketi hakusaidii ikiwa abiria wote wanasubiri pantoni moja. Hesabu hiyo ni ya dakika chache, nayo huweza kuzuia ununuzi wa mashine isiyo na faida.

Hata hivyo, kanuni hiyo huchukulia kwamba nyuzi hazisumbuani. Katika ofisi moja hapa mjini nilishughulikia programu ya kupokea malipo ambayo, kwa hesabu zetu, ingepata kasi ya karibu mara 6 kwenye kori 8. Tulipoiwasha kwa nyuzi 8, ikawa nzito kuliko ilivyokuwa kwa nyuzi 4. Tulitafuta kufuli (kizuizi kinachopitisha uzi mmoja tu kwa zamu) lenye foleni tusilione. Kumbe kila uzi ulikuwa na kihesabio chake cha baiti 8, na vyote vinane vilipangwa mfululizo, vikaangukia katika mstari mmoja wa kache (kipande cha kumbukumbu ya haraka iliyo karibu na kori) wenye baiti 64, hivyo kila uzi ulipoandika, kori nyingine zililazimika kuuchukua mstari huo upya. Tulipovitenganisha, kasi ilipanda siku hiyohiyo.

Kisa hicho hakiwapi ushindi wenye vipimo. Kipimo cha kori 4 hakisemi lolote la uhakika kuhusu kori 32, na seva iliyopimwa katikati ya mwezi haijakutana na mzigo wa siku ya mishahara. Kanuni ya mtafiti wa utendaji wa kompyuta Neil Gunther, ambayo huhesabu pia gharama ya kori kupatanisha data na hivyo hukubali kwamba kasi inaweza kushuka, inahitaji vigezo vinavyotokana na vipimo vya programu yenyewe.

Kwa hiyo naegemea upande wa hesabu, kwa sharti moja: makadirio yaandikwe kabla ya jaribio, kisha programu ipimwe kwa nyuzi 1, 2, 4 na 8. Pale namba hizo mbili zinapoanza kuachana ndipo pa kuchimba, maana bila makadirio yale tungeiona programu yetu ya malipo kuwa nzito tu, tukaomba seva kubwa zaidi.