Ukiamua Kunyamaza Mbele ya Polisi, Sema Kwamba Unanyamaza

Swali la kwanza kwa askari aliyekusimamisha liwe hili: "Afande, niko huru kwenda, au nimekamatwa?" Ukiwa huru, ondoka taratibu. Ukiwa umekamatwa, uliza ni kwa kosa gani. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inataka uelezwe sababu papo hapo unapokamatwa.

Kuna haki inayojulikana sana lakini hutumiwa vibaya: haki ya kunyamaza. Mtu hukaa kimya, akachoka, akajibu swali moja, na jibu hilo likamfunga. Marekani, katika kesi ya Berghuis v. Thompkins ya mwaka 2010, mshukiwa alinyamaza karibu saa tatu kisha akajibu maneno machache. Mahakama ya Juu ilikubali majibu hayo yatumike, kwa kuwa hakuwahi kutamka kwamba anaitumia haki yake. Kwa hiyo tamka: "Sitajibu maswali mpaka nizungumze na wakili." Jina lako litaje, maana sehemu nyingi sheria inakulazimu. Uingereza mambo ni tofauti: tangu sheria ya mwaka 1994, ukificha jambo kituoni kisha ukalitegemea mahakamani, kimya chako kinaweza kukugeukia. Huko wakili anahitajika mapema zaidi.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa kuliko maswali ni karatasi ya maelezo. Uchovu na hamu ya kurudi nyumbani humfanya mtu atie sahihi bila kusoma. Soma kila mstari, au usomewe kwa lugha unayoielewa. Kosa la maandishi likate mstari mmoja, andika neno lililo sahihi pembeni, kisha weka herufi za kwanza za jina lako hapo. Nafasi tupu zipige mstari ili pasiongezwe neno. Karatasi isiyoandikwa kitu usiisaini kamwe, hata ukiahidiwa dhamana.

Kuhusu upekuzi, sema "sikubali" kwa sauti ya kawaida, wala usimguse askari. Kupinga kwa mikono kunaweza kukuzalia kosa jipya, hata kama upekuzi wenyewe ulikuwa haramu. Akileta hati ya upekuzi, tazama anwani, tarehe na sahihi ya hakimu. Vitu vikichukuliwa, omba orodha yake, na andika saa, namba ya askari na majina ya walioshuhudia siku hiyohiyo.