Je, sumaku ndiyo ngao ya angahewa?

Kisa cha Mirihi kimezoeleka: ilikuwa na uga wa sumaku, ukazimika yapata miaka bilioni 4 iliyopita, upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazotiririka kutoka kwenye jua, ukapata mwanya wa kuichota hewa yake. Ushahidi upo. Chombo cha anga cha MAVEN cha NASA, kilichofika huko Septemba 2014, kilikuta hewa ikitoroka kwa takribani gramu 100 kila sekunde, na zaidi dhoruba za jua zinapovuma. Jua likiwa changa lilikuwa kali kuliko sasa, kwa hiyo hasara ya zamani lazima ilikuwa kubwa zaidi.

Tatizo ni Zuhura. Haina uga wake wa sumaku, iko karibu na jua kuliko sisi, ilhali kanieneo ya hewa yake ni kama mara 90 ya yetu. Wanaoamini kwamba sumaku ndiyo ngao hujibu kwamba imekaukiwa maji: haidrojeni, ambayo ni sehemu ya maji, ina aina nzito na nyepesi, na ile nzito imebaki huko kwa uwiano unaozidi wa Dunia zaidi ya mara 100, dalili kwamba ile nyepesi ilishakimbia. Jibu zuri, ila haidrojeni hutoroka hata hapa kwetu, chini ya ngao yetu.

Tena ngao yenyewe inavuja. Uga wa Dunia huelekeza chembe za upepo wa jua kwenye ncha, aurora (mianga ya rangi angani) zikawaka, na papo hapo ayoni za oksijeni, yaani atomi zenye chaji, hupata nguvu ya kuchomoka kwenda angani. Mianga tunayoishangilia ni alama ya mlango ulio wazi! Kwenye Mirihi, iliyobaki na mabaki ya sumaku kwenye miamba tu, chembe huingia popote: Desemba 2014 MAVEN iliona aurora iliyotanda kote kaskazini, na Machi 2024 gari la utafiti la Perseverance likanasa mng'ao wa kijani likiwa ardhini.

Mimi naegemea upande wa nguvu ya mvutano, ambayo hukua kadiri tungamo (wingi wa maada) la sayari linavyokuwa kubwa. Mirihi ina takribani sehemu moja ya kumi ya tungamo la Dunia; Zuhura inakaribia kulingana nasi. Sumaku ina kazi yake, hasa jua linapokuwa changa na lenye hasira, lakini anayeifuta sayari ya mbali kwenye orodha ya zinazoweza kuwa na hewa, eti kwa kukosa sumaku tu, angeanza kwa kuuliza tungamo lake.